Mgonjwa wa mapafu asiachwe peke yake nyumbani

Hapana kijiji katika wilaya za Tarime na Serengeti kisichokuwa na mtu anayekohoa mwaka mzima. Akiwa mzee, majirani husema ni uzee. Akiwa mama aliyepikia kuni tangu utoto wake, husema ni moshi. Akiwa kijana aliyetoka kwenye maduara ya dhahabu huko Nyamongo, husema ni kifua kikuu kimerudi, hata kama alikwisha kupimwa, akatibiwa na kupona. Mtu huyo hufahamika na watu wote isipokuwa hospitali. Hospitali humfahamu siku ile anapofikishwa kwa pikipiki, amekaa kati ya dereva na nduguye, hawezi kumaliza sentensi moja, na ulimi umegeuka rangi ya kijivu.

Hapo hulazwa, hupewa hewa ya oksijeni na dawa, na baada ya siku kadhaa hupata nafuu. Kisha huruhusiwa kwenda nyumbani. Tahariri hii inahusu kipindi kinachoanza wakati huo, mgonjwa anapovuka lango la hospitali kurudi Muriba, Nyanungu, Nata au Machochwe. Ugonjwa wake haukubaki wodini. Amerudi nao, na ataishi nao mpaka mwisho wa uhai wake. Ni nani basi atakayemsaidia kuishi nao?

Kwanza yafaa tueleze ugonjwa wenyewe. Yako maradhi ya mapafu ambayo hupona yakitibiwa, kama nimonia na kifua kikuu. Lakini yako pia maradhi sugu, ambayo huharibu njia za hewa au nyama ya pafu yenyewe, na kile kilichoharibika hakirudi. Moshi wa sigara na wa kuni, ukivutwa kwa miaka mingi, huzifanya njia za hewa zivimbe, zijae makohozi na kuwa nyembamba, hata mgonjwa akawa anaweza kuvuta hewa ndani kwa shida na kuitoa kwa shida zaidi. Vumbi la mawe yenye madini ya silika huingia hadi ndani kabisa ya pafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na aliyeupata huwa katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu. Na kifua kikuu chenyewe, hata baada ya vijidudu vyote kufa, mara nyingi huacha pafu lenye makovu.

Wilaya hizi mbili zinavyo vyanzo vyote hivyo vitatu. Jamii nyingi hupikia mafiga matatu, na katika nyanda za juu za Tarime, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, jiko huwashwa ndani na mlango ukafungwa. Wachimbaji wadogo huchoronga miamba na kusaga mawe makavu kwenye makarasha, nguo zao zikiwa nyeupe kwa vumbi. Wala yasidhaniwe kuwa haya ni mambo ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2015 katika sehemu moja ya mashambani hapa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018, ulipima pumzi za watu waliozidi umri wa miaka 35 na kuona kwamba 17.5 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Sigara na historia ya kifua kikuu vilitajwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ugonjwa huo. Mara haikuwamo katika uchunguzi huo, lakini hatuoni sababu ya kudhani kwamba moshi wa Tarime una huruma kuliko moshi wa mkoa mwingine.

Sasa turudi kwa mgonjwa aliyefika nyumbani. Wengi wa wagonjwa hawa hawahitaji mashine yoyote. Wanachohitaji ni dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile ambayo wananchi huiita pampu, na mtu wa kuwafundisha kuitumia. Mtu akiibonyeza kwa haraka na kuvuta hovyo, dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Dawa itafika mapafuni vizuri zaidi ikipitia kwenye chombo chenye nafasi ya hewa, na chombo hicho si lazima kinunuliwe. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa watoto wenye pumu, wakaonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, ikazibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Pampu hutikiswa, huingizwa kwenye tundu, hubonyezwa mara moja, na mgonjwa huvuta taratibu kupitia mdomo wa chupa mara kadhaa kabla ya kubonyeza tena. Hakuna zahanati katika Mkoa wa Mara inayoweza kusema imekosa chupa tupu.

Wako wengine, wachache lakini walio wagonjwa zaidi, ambao mapafu yao hayawezi tena kuupatia mwili oksijeni ya kutosha hata wakiwa wamekaa. Kwa hao, oksijeni nyumbani ni dawa, tena dawa iliyothibitishwa. Majaribio mawili makubwa, moja la Marekani lililochapishwa mwaka 1980 na jingine la Uingereza lililochapishwa mwaka 1981, yalionyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa oksijeni huishi muda mrefu zaidi wakiipata kwa saa nyingi kila siku. Wale wa Uingereza waliopewa angalau saa 15 kwa siku walifariki wachache kuliko wasiopewa. Kwa hiyo mtu anayevuta oksijeni nusu saa jioni kwa sababu amechoka, kisha akaizima ili kubana matumizi, hapati faida ile iliyoonekana katika majaribio hayo.

Oksijeni hiyo itatoka wapi? Mtungi wenye lita 1,400 za hewa hiyo, ukifunguliwa lita 2 kwa dakika, huisha kwa muda usiofika saa 12. Familia ya Mugumu haiwezi kusafirisha mtungi mmoja au zaidi kila siku ya Mungu. Ndiyo maana, kwa matumizi ya nyumbani, dunia imehamia kwenye mashine inayovuta hewa ya kawaida, ambayo asilimia 21 yake ni oksijeni, ikaipitisha kwenye chembechembe zinazonasa naitrojeni, na kumpelekea mgonjwa oksijeni iliyobaki kwa mrija wa puani. Mashine hii haihitaji kujazwa wala kusafirishwa. Inahitaji umeme, na inahitaji mtu anayeijua.

Tuanze na umeme, kwa kuwa hapo ndipo palipo kikwazo ambacho Serikali inaweza kukiondoa kwa kalamu. Mashine ya kawaida hutumia takriban wati 350. Ikifanya kazi saa 15 kwa siku, hula uniti 5 na robo, yaani zaidi ya uniti 157 kwa mwezi. Katika bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mwananchi wa kipato cha chini aliwekwa katika daraja la D1, akilipa Sh. 100 kwa uniti, ilimradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Daraja la kawaida lililofuata lilikuwa Sh. 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Hesabu ni rahisi: mashine hiyo moja hulitoa kaya maskini katika daraja la unafuu, na kwa bei hizo za kawaida huidai kaya hiyo karibu Sh. 46,000 kila mwezi kabla ya kodi, mbali na taa na simu. Daraja lililowekwa kumlinda mnyonge linamwacha mara tu anapougua. Hatuamini kwamba hilo ndilo lililokusudiwa. Tunashauri mamlaka zinazohusika ziweke utaratibu ambapo kaya yenye mgonjwa aliyethibitishwa na daktari kwamba anaishi kwa mashine itahesabiwa katika bei ya unafuu kwa uniti zote ambazo mashine yake inazihitaji. Kaya hizo si nyingi kiasi cha kuitikisa hazina ya shirika la umeme.

Pamoja na bei, liko jambo la kukatika. Umeme unapokatwa kwa matengenezo, mwenye mashine ya kusaga hupoteza mapato ya siku. Mwenye mashine ya kupumulia anaweza kupoteza uhai. Kila ofisi ya umeme ya wilaya yafaa iwe na orodha ya kaya hizo na iwaarifu mapema kwa simu. Na kila kaya iliyopewa mashine iwe na mtungi mmoja wa akiba uliojaa, pamoja na mtu mzima anayejua kuufungua gizani.

Hilo la kujua linatuleta kwenye hatari za mashine yenyewe, kwani chombo kinachookoa kinaweza pia kuua kikiwa mikononi mwa asiyefundishwa. Oksijeni haiwaki yenyewe, bali hufanya kila kitu kinachowaka kiwake kwa ukali. Nyumba ambayo jiko la mkaa liko hatua mbili kutoka kitanda cha mgonjwa, au ambayo mgonjwa mwenyewe bado anavuta kiko, haifai kuingizwa mashine hiyo kabla mambo hayo hayajarekebishwa. Jiko, kibatari na sigara vikae mbali, mita tatu au zaidi, na jiko lihamie jengo jingine. Mafuta ya kupaka na grisi visiguse kichwa cha mtungi.

Hatari ya pili ni kuzidisha. Ndugu wa mgonjwa akimwona anahema, hufungua zaidi akidhani kwamba nyingi ni bora. Kwa mgonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, oksijeni ikizidi, hewa chafu ya kaboni inaweza kulundikana mwilini. Huamka na maumivu ya kichwa, husinzia mchana, huchanganyikiwa, na mwishowe huweza kupoteza fahamu. Kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo madaktari hulenga kiwango kati ya 88 na 92 kwenye kile kipimo kidogo cha kidoleni, na hawatafuti 100. Kiasi alichoandika daktari kisibadilishwe na mtu mwingine. Hatari ya tatu ni uchafu: kichungi cha vumbi cha mashine kioshwe angalau mara moja kwa wiki, maji ya kichupa cha unyevu yawe yamechemshwa na kupozwa, tena yabadilishwe kila siku, na mrija wa puani usiazimwe kwa mgonjwa mwingine.

Na ziko dalili ambazo hazingojei asubuhi. Makohozi yakiongezeka na kugeuka manjano au kijani huku pumzi ikizidi kubana, mgonjwa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Miguu ikivimba, huenda moyo umeanza kulemewa na kazi ya kusukuma damu kwenye mapafu yaliyoharibika. Maumivu makali ya ghafula upande mmoja wa kifua pamoja na kukosa pumzi yaweza kuwa ishara kwamba pafu limetoboka. Kukohoa damu, kusinzia kusiko kwa kawaida, midomo kubadilika rangi: hizo zote ni safari ya hospitali bila kikao cha ukoo. Wakati usafiri unatafutwa, mgonjwa asilazwe chali. Akae, ainame mbele kidogo, aegemeze mikono yake mezani au magotini, na atoe hewa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza makaa.

Watu wengine watatuambia kwamba haya ni anasa. Watauliza: zahanati ambayo mara nyingine hukosa hata dawa ya maumivu, itawezaje kumhudumia mtu mwenye mashine kijijini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushauri wa Dakta Karel Styblo. Tanzania haikuwa tajiri mwaka ule. Lakini ilionyesha kwamba hata katika wilaya za mashambani mgonjwa wa kifua anaweza kuandikwa kwenye daftari, kupewa dawa bila kukosa, kuangaliwa na mtu anayejulikana kwa jina, na kutolewa taarifa kila robo mwaka. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu uliotokana na kazi hiyo katika mataifa mengine. Utaratibu ule ulikuwa daftari, dawa na mtu wa kuwajibika. Hatuombi zaidi ya hayo kwa mgonjwa wa ugonjwa sugu.

Mtu huyo wa kuwajibika ameanza kupatikana. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii 137,294 katika muda wa miaka mitano. Tunapendekeza kwamba katika wilaya za Tarime na Serengeti wahudumu hao wafundishwe kupima oksijeni kwa kidole, kuangalia jinsi mgonjwa anavyotumia pampu, kukagua kichungi na mrija, na kuzitambua dalili tulizozitaja. Kila mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini kwa ugonjwa sugu wa mapafu aandikiwe barua kwenda kwa mhudumu wa kitongoji chake, na atembelewe ndani ya wiki moja.

Kuhusu mashine zenyewe, familia isilazimishwe kuuza ng'ombe wake wa mwisho ili kununua chombo ambacho baada ya msiba kitabaki kikiliwa na vumbi darini. Mashine ziwe mali ya hospitali ya wilaya, ziazimwe kwa maandishi, zikaguliwe na fundi, na zirudi zinapomaliza kazi ili zimfae mwingine. Wakati wa janga la UVIKO-19 taifa lilipata mkopo wa Sh. trilioni 1.3, na sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yote yahakikishe upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Mwaka huo huo wa 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima hiyo itakuwa na upungufu ikimlipia mgonjwa oksijeni akiwa kitandani hospitalini na kumkatia akifika nyumbani, kwani mgonjwa asiyepata oksijeni nyumbani hurudi wodini tena na tena, kwa gharama kubwa zaidi.

Elimu nayo isiachwe kwa wahudumu peke yao. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Wengi wao hawakuwa na shahada wala cheti. Redio zipo hata leo, tena zimo ndani ya simu za mkononi. Shina la Chama, jumuiya ya wanawake, kanisa, msikiti na kikundi cha kuweka na kukopa vinaweza kuwa madarasa ya namna ile ile. Somo la kwanza liwe kuhamisha jiko nje ya nyumba ya kulala.

Maana hata tukiwahudumia vipi waliokwisha kuugua, tutakuwa tunajaza maji kwenye pakacha kama hatuzuii wapya. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Miaka hiyo si mingi. Na kwa wachimbaji wadogo, sharti liwe moja: hakuna kuchoronga wala kusaga jiwe kavu. Maji yakimwagwa kwenye mwamba hulilaza vumbi kabla halijafika puani, ilhali kitambaa kinachofungwa usoni hakilizuii lile vumbi dogo lisiloonekana, ambalo ndilo linaloua. Mwenye karasha anayekataa gharama ya maji anawatoza vijana wake gharama ya mapafu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda mfanyakazi aliyeajiriwa. Kijana anayelipwa kwa mgawo wa mawe, asiye na mkataba, huondoka duarani na kikohozi chake bila senti ya fidia. Viongozi wa wachimbaji na halmashauri za wilaya wanalo jukumu la kuliziba pengo hilo.

Tumeeleza yanayowezekana. Daftari linawezekana, chupa iliyotobolewa inawezekana, ziara ya mhudumu inawezekana, bei ya unafuu wa umeme inawezekana, na ndoo ya maji kwenye karasha inawezekana. Tunatazamia kwamba mabaraza ya madiwani ya Tarime na Serengeti yatayaweka mambo haya kwenye ajenda ya vikao vyao vijavyo, na kwamba waganga wakuu wa wilaya watawaeleza wananchi hadharani ni wagonjwa wangapi wanaowafahamu na ni wangapi wamewatembelea. Mzee anayekohoa usiku kucha pale Nyanungu amelilimia taifa hili chakula kwa maisha yake yote. Anastahili kuwa na mtu wa kugonga mlango wake na kumwuliza, "Tata, pumzi inaendeleaje leo?"